Gari lake, gari la nyumbani, au nauli tu? Hesabu ya mzazi wa Lubumbashi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali ya Kongo wa kumaliza sekondari, yakitoka, unga wa talki humwagwa vichwani, honi zinapigwa kutoka Kamalondo hadi Bel-Air, na vijana wanakaa kwenye madirisha ya magari, nusu ya mwili nje. Wiki chache baadaye deni linaanza kudaiwa nyumbani. Kuna baba ambaye mwezi wa kwanza, akiwa mezani na bukari (ugali) yake, alisema: "Ukipita muzuri, tutaona mambo ya motokari." Alisema ili mtoto ashike madaftari. Mtoto akashika ahadi.

Sasa mtoto amepita, ameandikishwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, masomo yapo kampasi ya Kasapa, na nyumba iko mitaa kama Kalebuka, au Kigoma ya hapa mjini, au Katuba ndani kabisa. Mama anasema moto, pikipiki za abiria, zitamuulia mtoto. Baba anaangalia akiba. Mjomba aliyeko Ndola ameshatuma picha za Vitz tatu kwenye WhatsApp, moja nyekundu, na mtoto ameshachagua ile nyekundu.

Njia ziko nne. Unaweza kumnunulia gari liwe lake. Unaweza kununua gari la nyumbani ambalo naye ataliendesha, au kumgawia siku za lile lililopo. Unaweza kumwambia achangie. Au usinunue kabisa: umpe nauli, ama umpangie chumba karibu na masomo. Niseme mapema ninaposimama, mwenye haraka aende zake: kwa nyumba nyingi za hapa kwetu, gari la nyumbani lenye jina la mzazi linashinda gari la mtoto, tena kwa mbali. Sisemi hivyo kwa sababu ya nidhamu wala kwa kuwalaumu "watoto wa siku hizi". Gari hununuliwa mara moja, lakini yanayofuata hayana mwisho. Anayeyalipa ndiye mwenye gari hata carte rose (kadi ya gari) iseme nini, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hayalipi.

Chini ya miaka 18 hakuna cha kulinganisha

Sheria ya barabara tunayotumia, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka dereva awe na permi (leseni), na permi ya gari dogo haitolewi kabla ya miaka 18. Kwa hiyo mwenye mtoto wa miaka 16 au 17 asipoteze muda kulinganisha Vitz na Ist. Alinganishe nauli na nauli.

Najua vijana wanatuonyesha video za Marekani: mtoto wa miaka 16, gari jipya mbele ya nyumba, utepe mkubwa juu ya boneti, mama analia kwa furaha. Ni kweli, majimbo mengi ya kule huruhusu kuendesha katika umri huo. Video haionyeshi masharti. Permi yao hutolewa kwa hatua, mtindo ulioanzia New Zealand mwaka 1987: kwanza unaendesha ukiwa na mtu mzima kando yako, halafu unaruhusiwa peke yako lakini usiku hapana na marafiki wengi ndani hapana, ndipo baadaye unaachiwa. Walifika huko baada ya kuzika watoto wengi. Hata leo, kwa takwimu zao wenyewe, dereva wa miaka 16 hadi 19 yuko karibu mara tatu zaidi katika hatari ya ajali ya kuua, kwa kila maili anayoendesha, kuliko dereva wa miaka 20 na kuendelea.

Hapa hatua hizo hazipo. Kijana anatimiza miaka 18, anapata permi (na sote tunajua wapo wanaoipata bila kugusa usukani mbele ya mtu yeyote), na usiku uleule anaweza kuchukua barabara ya Likasi na wenzake wanne. Hakuna sheria itakayomzuia. Atakayeweka hatua ni mzazi, na mzazi anaweza kuziweka tu kama funguo zinapitia mkononi mwake. Hilo ndilo linalonifanya niegemee upande niliousema.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa tayari kituo cha polisi. Kifungu cha 260 cha kanuni yetu ya madai, kitabu cha tatu, kilichoandikwa tangu mwaka 1888, kinasema mtu hujibu kwa kosa lake, na kwa makosa ya watu anaowajibikia, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Baba na mama wametajwa kwa watoto wanaokaa nao. Mtoto wa miaka 17 akimgonga mama anayeuza mboga kando ya chaussée de Kasenga, familia ya yule mama haitamtafuta mtoto. Itakuja kwako.

Gari lake mwenyewe

Niwatendee haki wanaonunua, maana sababu zao si za kujionyesha tu.

Chukua msichana wa miaka 18 anayetoka Kasapa jioni. Saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia. Taa za barabarani haziwaki, au umeme umekatika. Teksi-basi zimejaa, wengine wananing'inia mlangoni. Inabaki moto: dereva asiyemjua, njia ya mkato anayoichagua yeye. Halafu kuna lile gari lenye vioo vyeusi linalopunguza mwendo kando yake: "Petite, unaenda wapi? Panda nikusogeze." Mama aliyesikia habari hiyo mara mbili hasubiri ya tatu, anauza kiwanja cha Luano na kununua Vitz. Nani atamlaumu?

Lakini angalia sababu hiyo vizuri. Inadai usafiri salama wa jioni. Haidai kwamba gari liwe la mtoto, lilale na funguo zake chini ya mto, litoke Jumamosi saa nne usiku. Nimeona sababu ya binti ikitumika kununua gari, halafu kaka yake ndiye anayeliendesha. Katika nyumba nyingi mvulana anapewa gari kwa sababu ni mvulana, na msichana, ambaye hoja ya usalama ilikuwa yake, anaendelea na moto.

Faida nyingine ni za kweli. Muda unaokolewa, hasa kwa anayekaa mbali. Kijana anajifunza kushughulika na fundi, na rulaji (polisi wa barabarani), na karatasi. Na baba halali akisubiri kumpeleka mtu.

Sasa yanayofuata. Kuna bima ya lazima, ambayo tangu sheria ya mwaka 2015 kuvunja ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, unaweza kuichagua kwa kampuni zaidi ya moja. Wengi wetu tunanunua ile ya chini kabisa, inayolipa uliyemgonga. Gari lako likikunjwa kwenye mti, bima hiyo haikulipi. Ni hasara yako. Tena soma karatasi: mkataba wa kawaida unataka dereva mwenye permi halali. Ukimwachia asiye nayo, umelipia bima hewa. Halafu vinyeti (kodi ya gari), kontrole tekniki (ukaguzi), plaki (namba za gari), carte rose. Polisi wa rulaji huziomba moja moja, bila haraka, na uso mchanga nyuma ya usukani huitwa pembeni mapema kuliko wa mzee.

Esansi (petroli) nayo. Tuseme nyumba iko kilomita 15 na chuo. Kwenda na kurudi ni 30. Siku 22 za masomo kwa mwezi zinafika kilomita 660. Vitz au Ist ya injini ndogo, katika foleni zetu na mashimo yetu, itakula kama lita 7 na nusu kwa kilomita 100, yaani lita 50 hivi kwa mwezi. RAV4 au Noah ya lita mbili itakwenda kwenye 12, yaani lita 80 karibu. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo ya pompi. Hesabu hiyo ni ya malaika: nyumbani, chuoni, nyumbani. Haina kumfikisha rafiki Ruashi, haina Jumapili, haina msichana wa mtaa wa Golf. Gari la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni basi la auditoire (darasa) nzima, na abiria hawalipi. Mwisho wa mwezi pesa imekwisha, kijana ananunua chupa kwa akina Kadhafi, wauza mafuta wa barabarani, esansi iliyochanganywa na asichokijua, na wiki inayofuata fundi anasafisha injektari.

Watu wa ukoo nao wanasahaulika kwenye hesabu. Gari likishajulikana kuwa la kijana, linakuwa la kila mtu aliyemzidi umri. Shangazi ana magunia ya kutoa soko la Kenya, komuni ya hapa mjini. Kuna kilio Kipushi, wazee watano wanatafuta wa kuwafikisha. Baba akiwa ndiye mwenye gari anaweza kusema lina safari. Mtoto wa miaka 18 hawezi kumjibu shangazi yake hivyo. Anakosa masomo ya Alhamisi akiwa amebeba viti vya plastiki. Sijui kwa nini hakuna anayeliweka hilo mezani siku ya kununua, wakati kila mmoja wetu ameshaliomba gari la mtoto wa mwenzake.

Na ndugu zake? Mkubwa amepewa gari alipopita. Wa pili anapita mwaka kesho kutwa, wa tatu baadaye. Ahadi uliyompa mmoja ukiwa na mkataba mzuri wa kazi huko Kolwezi, wengine wataidai wakati mkataba umekwisha.

Kuna mazungumzo niliyoyasikia, baba na kijana wake, kwenye baraza ya jirani Makomeno.

"Papa, benzangu bote beko na motokari."

"Benzako bote ni bangapi?"

"Batatu."

"Na esansi, nani anabalipiyaka?"

"Ba papa yabo."

Mzee alicheka, akamwambia basi wale watatu hawana magari, wana baba.

Usukani wa kulia: somo ambalo gari la kwanza halisamehi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu linamhusu dereva mpya kuliko mwingine yeyote na wauzaji hawalitaji.

Magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, yanashuka Dar es Salaam, yanavuka Tunduma na Nakonde, yanapita Zambia hadi Kasumbalesa. Njia yote hiyo watu wanaendesha kushoto, usukani kulia, sawa. Ukivuka Kasumbalesa unaendesha kulia, na usukani umebaki kulia. Sasa dereva anakaa upande wa majani. Nyuma ya lori la shaba, barabara ya Likasi, haoni kinachokuja mpaka atoe gari zima nje. Wazoefu wana mbinu: kukaa mbali nyuma ya lori ili pembe ya kuona ifunguke, au kumtegemea abiria wa kushoto aseme kama njia ni nyeupe. Kijana mwenye miezi miwili ya permi hukaa karibu na lori, na abiria wake wa kushoto ni rafiki anayeangalia simu.

Taa pia. Taa za chini za gari la Japani zimeelekezwa kuangaza zaidi upande wa kushoto, kwa sababu kwao kushoto ndiko kando ya barabara. Huku kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unampiga taa za macho bila kujua, na kando yako, wanakotembea watu, kunabaki giza. Fundi anaweza kurekebisha kwa kiasi fulani. Kubadilisha taa zenyewe ni bora. Ni magari mangapi mjini yamefanyiwa hivyo? Simama usiku barabara ya Kasapa uhesabu macho yako yanavyouma.

Kwa hiyo ukilinganisha magari mawili ya bei moja, lenye usukani wa kushoto, hata likiwa na umri zaidi kidogo, kwangu lina thamani kubwa mikononi mwa mwanafunzi. Kama huwezi kulipata, fanya hivi: mwaka wa kwanza asitoke mjini usiku. Barabara ya Kasumbalesa na ya Likasi ziwe za mchana, na mtu mzima kando yake.

Gari la nyumbani

Mwaka 2009 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa sekondari wa huko. Wale waliokuwa na gari lao, au walioendesha gari moja kana kwamba ni lao, walipata ajali zaidi ya mara mbili ya wale waliogawana gari na familia. Utafiti mwenzake, toleo lilelile, uliona kwamba watoto ambao wazazi wao waliweka masharti na kufuatilia kwa upendo walipata ajali nusu ya wale walioachiwa hivihivi. Ni Marekani, si Katuba, barabara zao si zetu. Ila ninaamini sababu yake haijui mpaka: ukilazimika kuomba funguo, lazima useme unakwenda wapi, na nani, na unarudi saa ngapi. Mazungumzo hayo mafupi ya mlangoni ndiyo breki ya kwanza.

Kwa pesa, gari la nyumbani halina bima mbili wala vinyeti viwili. Likisimama chuoni siku nzima ni hasara. Likimpeleka mdogo shule saa moja, mama kazini saa mbili kasoro, kijana Kasapa saa mbili, limefanya kazi. Ndugu hawagombani juu ya nani alipewa, wanagombana juu ya nani analo leo, na ugomvi huo una dawa: siku. Jumatatu na Jumatano za mkubwa, Jumamosi za mama, basi.

Lina matatizo yake, sitaficha. Baba anayehitaji gari kazini kila siku hana cha kugawa. Mkwaruzo kwenye mlango hauna mwenyewe: kila mtu aliukuta. Tanki linarudishwa likiwa na taa nyekundu inawaka, kwa makusudi kabisa, aliyemaliza ni yule aliyeshuka wa mwisho. Na kijana mwenye masomo ya saa moja na nusu asubuhi siku ya zamu ya dada yake atapanda teksi-basi akilalamika mpaka Carrefour.

Yanayosaidia ni machache na yasemwe kabla ya siku ya kwanza. Jina kwenye carte rose ni la mzazi. Anayelichukua kwa mambo yake anarudisha esansi aliyoikuta. Saa ya kurudi ni ileile, haisogezwi kwa sababu wiki moja imepita. Mikanda inafungwa hata nyuma, hata na mashemeji. Kwa waliokaa mbele mkanda hupunguza hatari ya kufa karibu kwa nusu. Abiria wawili basi kwa miezi sita ya kwanza, maana rafiki wa tatu ndiye huanza kusema "mpite yule". Faini ya rulaji analipa aliyekuwa usukanini. Na ajali, hata ndogo, inasemwa usiku uleule. Atakayesema hapigiwi kelele. Sharti hili la mwisho ni la mzazi, na kwa baba wengi ninaowafahamu ndilo gumu kuliko yote.

Achangie kidogo

Wengine wanasema: mtoto atoe sehemu, atalitunza. Wazo zuri mahali ambapo mwanafunzi anapata kazi ya jioni yenye mshahara. Kwetu hapa anatoa wapi? Anauza yuniti za simu na kushughulikia mobile money mbele ya duka la mama yake, anafanya fotokopi, anarekebisha simu. Akikusanya vya kutosha kulipa robo ya Vitz, kwa nini azifukie kwenye chuma kinachopungua bei kila mwaka? Aongeze mashine ya pili ya fotokopi.

Ila kuna namna moja inayofaa: wewe nunua gari, libaki lako, yeye alipe esansi ya mambo yake na plaketi za breki zikiisha. Pesa ndogo, lakini anajua bei ya kila kilomita. Aliyelipia plaketi mwenyewe hashiki breki kwa fujo.

Bila gari

Nauli ya kila siku inaonekana ndogo na ndiyo maana hatuiheshimu. Iweke kwa mwezi, ongeza moto ya siku za mvua na teksi ya kukodi siku za jioni, na kwa hesabu zangu bado haifiki esansi, bima na fundi wa gari dogo, bila hata kugusa bei ya gari lenyewe. Kasoro yake ni ile ya jioni, na ni kasoro nzito. Moto haina mkanda, kofia ya abiria haipo au inanuka vichwa vya watu wote wa Kampemba, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaweka ajali za barabarani kuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kati ya kijana kwenye moto usiku na kijana huyohuyo kwenye Vitz akiwa na permi ya kweli, nachagua Vitz bila kufikiri.

Lakini usilinganishe lililo baya zaidi na lililo zuri zaidi. Linganisha gari na dereva wa teksi mnayemfahamu, anayelipwa kwa mwezi kwa ajili ya siku za jioni. Familia tatu za mtaa mmoja zikichanga, kila moja inalipa kidogo. Au linganisha gari na chumba. Kwa anayekaa Ruashi mwisho au Kalebuka, bei ya gari moja inaweza kulipa kodi ya chumba karibu na Kasapa kwa miaka mingi ya masomo, na chumba kinampa saa mbili za usingizi kila siku. Wazazi wanakataa chumba wakisema mtoto ataharibika peke yake. Halafu wanampa gari.

Ukishaamua kununua

Dogo, lenye piesi (vipuri) zinazopatikana kila kona, lisilovutia macho. Vitz, Ist, Corolla ya zamani: fundi yeyote wa Kenya anazifungua macho yamefumba. Harrier ya lita 2.4 ni gari la mtu anayelipwa mshahara. Kwa mwanafunzi inamaliza esansi, inaita majambazi, na inakwenda kasi ambayo yeye bado hajaijua. Nyumba ikiwa kwenye tope la msimu wa mvua kuna wanaosema lazima RAV4. Sawa, lakini kwa gari la nyumbani, si la kijana peke yake.

Usinunue kwa picha za mjomba. Gari lililovuka Kasumbalesa likiwa na karatasi pungufu litakusumbua siku ya kuomba plaki, kwa hiyo deklaranti (wakala wa forodha) akuonyeshe karatasi za forodha kabla hujamaliza kulipa. Peleka fundi wako, si wa muuzaji. Shikilia amotisa (shokapu) za mbele na tairi kuliko redio. Na toa pesa ya shule ya udereva kwenye bajeti ileile ya gari, isiwe "tutaona": miezi miwili ya masomo kamili, halafu Jumapili asubuhi, mji ukiwa mtupu, wewe kiti cha kushoto yeye cha kulia, mzunguke mpaka aweze kurudi nyuma kwenye geti bila kukuangalia usoni.

Nani achukue njia ipi

Nyumba yenye gari moja na baba analihitaji mchana: nauli pamoja na teksi ya jioni, na zamu za Jumamosi ili kijana ajifunze. Nyumba inayoweza kununua gari la pili: linunuliwe kama la pili la nyumbani, jina la mama, siku zigawanywe, binti apewe zile za masomo ya jioni kabla ya kaka yake. Nyumba ya mbali sana: anza na chumba. Gari la mtoto mwenyewe nalikubali pale tu ana miaka 20 na kitu, ameshaendesha la nyumbani mwaka mzima, na ana shughuli inayolipa esansi bila kukupigia simu tarehe 15.

Kuna kundi moja limebaki, nalo ni kubwa hapa mjini: baba yuko Kolwezi au Fungurume kwenye migodi, anarudi mara moja moja, mama yuko naye huko au anasafiri kwa biashara, na vijana wanakaa Lubumbashi na yaya yao, yaani kaka au dada yao mkubwa. Wazazi wa namna hii ndio wanaonunua magari ya watoto kuliko wote, kwa sababu hawapo na wanataka watoto wajisikie hawakuachwa. Kwao gari la nyumbani halifanyi kazi, kwa maana hakuna wa kuombwa funguo. Basi lisinunuliwe mwaka huu. Mpate dereva wa mwezi kwa Kasapa, lipeni chumba, au, kama lazima liwepo, gari lilale kwa baba mdogo anayeishi mtaa wa karibu na funguo ziwe kwake. Akikataa kazi hiyo, mwulizeni kwa nini amekataa, halafu amueni.